London hadi Copenhagen: kwenda saa tatu, kurudi saa moja?

BintiWete:
Assalaam alaykum wanajamvi. Naomba msaada wa wenye kuyajua mambo ya safari za ndege.

Mama anatoka Pemba kwenda kwa dada yangu London, na akiwa huko atakwenda Copenhagen wiki mbili kumwona mjukuu. Tiketi ya London–Copenhagen tumeiona, bado hatujailipa. Inasema hivi:

Kwenda, Jumamosi 17 Oktoba: Heathrow 10:05, Copenhagen 13:00.
Kurudi, Jumamosi 31 Oktoba: Copenhagen 14:20, Heathrow 15:25.

Kwa hesabu yangu kwenda ni karibu saa tatu, na kurudi ni saa moja na dakika tano. Njia ni ile ile, ndege ni ya shirika lile lile. Vipi inakuwa hivi?

Jengine ni umbali. Pahala pamoja nimeona kilomita 956, pengine 979, pengine 1,250. Ipi ya kweli?

Tena ipo tiketi ya bei nafuu inayotokea Stansted badala ya Heathrow. Dada anakaa mashariki ya London. Tuchukue ipi, na mama awe uwanjani saa ngapi? Hazungumzi Kiingereza na saa zake ni za Kiswahili, kwa hiyo nataka nimwandikie karatasi ya kwenda nayo.

Mwalimu_Chake:
Wa alaykum salaam warahmatullah, binti. Naanza na umbali.

Namba zote tatu ni za kweli, ila kila moja imepima kitu chake. 956 ni katikati ya jiji la London mpaka katikati ya Copenhagen, kwa njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia. 979 ni kutoka uwanja wa Heathrow hadi uwanja wa Copenhagen ulioko Kastrup. Heathrow iko kiasi cha kilomita 24 magharibi ya katikati ya London, yaani upande wa kinyume na anakokwenda mama, na ndiko inakotoka ile ziada. 1,250 ni makisio ya barabara, kupitia Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Kwa tiketi ya ndege shika 979.

Ukitaka kuipata mwenyewe bila kutegemea mtandao, kikokotoo cha skuli kinatosha. Heathrow ipo latitudo 51.48 Kaskazini, longitudo 0.46 Magharibi. Uwanja wa Copenhagen upo 55.62 Kaskazini, 12.66 Mashariki. Zidisha saini za latitudo zote mbili. Kisha zidisha kosaini zake mbili, na jibu lake ulizidishe tena kwa kosaini ya tofauti ya longitudo. Jumlisha mafungu hayo mawili, utapata kiasi cha 0.9882. Tafuta pembe yenye kosaini hiyo: ni digrii 8.81. Kila digrii moja ya duara kuu la dunia, yaani ile njia fupi kabisa, ni maili 60 za baharini, basi ni kama maili 529. Maili ya baharini ni kilomita 1.852. Jibu ni 979.

Wanafunzi hukosea sehemu tatu. Ya kwanza ni longitudo: Heathrow iko Magharibi na Copenhagen iko Mashariki, kwa hiyo zinajumlishwa, 0.46 na 12.66 zinakuwa 13.12. Ukizitoa utapata umbali wa kilomita 926, na utaliamini kwa sababu linafanana na kweli. Ya pili ni kikokotoo kilichoachwa kwenye radiani badala ya digrii. Hapo jibu huwa la ajabu na mtu hugundua mara moja.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi kwetu sisi wa visiwani. Huku kwetu, kiasi cha digrii 6 kusini ya Ikweta, digrii moja ya longitudo ni karibu kilomita 111, sawasawa na ya latitudo. Mtu huzoea kupima ramani yetu kama karatasi ya miraba. Ukifika latitudo ya London na Copenhagen, digrii moja ya longitudo imeshasinyaa mpaka kilomita 66 hivi, kwa sababu mistari ya longitudo inakaribiana kuelekea ncha ya dunia. Anayetumia 111 kule anapata zaidi ya kilomita 1,500, makosa ya kilomita 500 na ushei.

Kwa kulinganisha: Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, hadi uwanja wa Pemba ni kama kilomita 125. Safari ya mama ni mara nane ya hiyo, pungufu kidogo.

Sufuri_Nane:
Mwalimu, niliwahi kusoma kwamba ndege haziendi moja kwa moja, zinafuata mstari uliopinda. Si ndiyo inayofanya kwenda kuwe kurefu?

Mwalimu_Chake:
Hapana sheikh. Ule mstari unaoonekana umepinda kwenye ramani ndio mfupi. Ramani ndiyo iliyovutwa. Kwa safari za mbali sana tofauti huwa mamia ya kilomita. Kwa London–Copenhagen, ukienda kwa mwelekeo mmoja wa dira mwanzo hadi mwisho unapata kama kilomita 980.5, na kwa duara kuu ni 979.2. Haifiki hata kilomita mbili. Tena ungepinda vyovyote, ungepinda hivyo hivyo kwenda na kurudi.

Mnara_Kisauni:
Dada BintiWete, ile tofauti yako imekusanya vitu viwili: saa za nchi na upepo. Saa za nchi ndizo zinazokula sehemu kubwa.

Tiketi yoyote ya ndege huandika muda wa kuondoka kwa saa ya pale unapoondoka, na muda wa kufika kwa saa ya pale unapofika. Denmark iko mbele ya Uingereza kwa saa moja. Mama akiondoka 10:05, huko Copenhagen ni 11:05 tayari. Akifika 13:00, amesafiri saa 1 na dakika 55. Kurudi anaondoka 14:20 ya Copenhagen, ambayo London ni 13:20, anafika 15:25, ni saa 2 na dakika 5. Kwa hiyo tofauti ya kweli ni dakika 10 tu, na kurudi ndiko kurefu, kinyume na tiketi inavyoonyesha.

Zile dakika 10 ni za upepo. Katika anga za juu za Ulaya upepo huvuma zaidi kutoka magharibi kwenda mashariki, mwaka mzima, na wakati wa baridi hupata nguvu zaidi. Si kama huku kwetu ambako kaskazi na kusi hupokezana. Ndege ya aina ya Airbus A320 au Boeing 737 ikiwa juu, kiasi cha mita 11,000, inakwenda karibu kilomita 830 kwa saa ndani ya hewa. Hewa yenyewe ikiwa inasogea kilomita 100 kwa saa na kuisukuma kutoka tezi, yaani nyuma, juu ya ardhi inakwenda 930. Upepo huo ukija omo, yaani mbele, inakwenda 730. Kilomita 979 kwa 930 ni dakika 63. Kwa 730 ni dakika 80. Dakika 17 zimepatikana hapo bila rubani kugusa kitu. Kiuhalisia huwa pungufu, kwa sababu njia ya London–Copenhagen inaelekea kaskazini-mashariki, basi upepo wa magharibi hauipati mgongoni sawasawa, unaipata kwa upande.

Utauliza, kama ni dakika 63 au 80, hizo saa mbili za kwenye tiketi zimetoka wapi? Tiketi haihesabu muda wa kuruka. Inahesabu tangu ndege inapoachana na geti mpaka inaposimama kwenye geti la huko. Heathrow ni uwanja wenye njia mbili tu za kurukia kwa msongamano ule wote, na kwa kawaida moja huachiwa ndege zinazotua na moja zinazoruka. Ndege inasukumwa nyuma, inawasha injini, inatambaa, inapanga foleni: dakika 15 hadi 25 si ajabu. Halafu kupanda mpaka juu ni kama dakika 20, na kuteremka 20 na kitu, na katika nyakati hizo haiko kwenye ile kasi ya 830. Kama upepo ni wa magharibi, inaruka kuelekea magharibi kwanza, kisha inageuka kufuata njia yake ya mashariki. Kilomita hizo hazimo kwenye zile 979. Ukijumlisha, hewani ni kama saa moja na nusu, na iliyobaki ni ya ardhini.

Ndiyo maana ukigawa 979 kwa muda wa tiketi unapata wastani wa kilomita 511 kwa saa kwenda, na 470 kurudi. Safari ikiwa fupi, wastani unazidi kushuka. Kisauni–Pemba ni kilomita 125 kwa nusu saa hivi kwa ndege ndogo, wastani wa 250, na hali Cessna Caravan ikiwa juu inaweza kukaribia 340. Mtu asichukue kasi ya ndege iliyoandikwa vitabuni akagawia umbali akamwambia mgeni wake muda wa kufika. Atampotosha kila mara.

Jengine la kurudi Heathrow: ndege zikizidi, waongoza ndege huzizungusha kwenye vituo vinne vya kusubiri angani. Zinazotoka upande wa mashariki huzungushwa Lambourne, kaskazini-mashariki ya jiji. Mama akiona ndege inageuka mara mbili tatu na jiji linaonekana chini, asiingiwe na hofu, wanasubiri zamu. Mashirika yanalijua hilo na huweka dakika za akiba ndani ya ratiba, ndiyo maana ndege inaweza kuchelewa kuondoka dakika 15 na bado ikafika kwa wakati.

BintiWete:
Shukran sana nyote. Sasa nimefahamu. Bado Stansted na muda wa kuwa uwanjani.

Tiketi_Darajani:
Bi BintiWete, kwa umbali wa angani Stansted iko karibu zaidi na Copenhagen: kama kilomita 915, kwa sababu iko kaskazini-mashariki ya London. Gatwick ni 984. Lakini kilomita 65 angani ni dakika tano tu, usizipe uzito. Muda unapotea ardhini.

Kutoka mashariki ya London, Stansted ni nyepesi kufika: treni inaondoka Liverpool Street na inachukua kiasi cha dakika 50. Heathrow ni ng'ambo ya pili ya jiji. Hata hivyo tangu 2022 ipo treni ya Elizabeth line inayopita katikati ya jiji mpaka Heathrow, na vituo vyake vyote vina lifti au njia isiyokuwa na ngazi, jambo la maana kwa mtu mzima mwenye begi. Kutoka Whitechapel ni dakika 40 na kitu. Kwa hiyo nyumbani hadi uwanjani tofauti yake si kubwa kama watu wanavyoidhania.

Mimi ningelinganisha bei baada ya kuongeza hivi. Tiketi nafuu mara nyingi haina begi la kuweka chini ya ndege, na hata begi la mkononi linaloruhusiwa ni lile dogo la kuingia chini ya kiti. Baadhi ya mashirika hupima sentimita 40 kwa 30 kwa 20, mengine 45 kwa 36 kwa 20. Mama wa Kipemba anayekwenda kwa mjukuu hatokwenda na begi hilo. Ongeza bei ya begi la kilo 20 kwenda na kurudi, na ulilipie wakati wa kununua tiketi, si uwanjani, maana uwanjani bei hupanda sana. Baada ya hapo mara nyingi ile nafuu imekwisha.

Jambo la kuangalia kwa macho mawili ni ukaguzi wa viza. Mashirika mengi ya bei nafuu humtaka msafiri ajiandikishe mwenyewe mtandaoni, na asiyekuwa na pasipoti ya nchi za Ulaya apite kwanza kaunta kuonyesha pasipoti na viza kabla ya kwenda kwenye ukaguzi wa usalama. Mtu anaona ameshapata pasi ya kupandia ndege, ananyoosha moja kwa moja mpaka getini, na huko anarudishwa. Foleni ya kurudi inamfungia geti. Kwa mama asiyezungumza Kiingereza, dada yake BintiWete awe naye mpaka hapo kaunta.

Viza zenyewe ni mbili mbali mbali. Uingereza haimo katika Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, Denmark imo tangu 2001. Viza ya Uingereza haimwingizi Copenhagen hata kwa saa moja. Ya Schengen iombwe kwa Denmark kwa kuwa ndiko anakokaa. Wanataka bima ya safari ya angalau yuro 30,000, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki na miezi mitatu au zaidi baada ya siku ya kutoka Schengen. Na ile ya Uingereza muihakikishe: je, inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, na tarehe 31 Oktoba itakuwa bado hai? Kwa sababu mama anatoka nje ya Uingereza na kuingia tena. Msilipe tiketi kabla ya viza kutoka, au mnunue inayorudisha pesa.

Muda sasa. Ndege ni 10:05. Kaunta ya mizigo hufungwa kwa kawaida dakika 60 kabla, mashirika mengine 40. Geti hufungwa kama dakika 20 kabla. Mama aingie mlangoni Heathrow saa 7:15, ambayo kwa saa za Kiswahili ni saa moja na robo asubuhi ya huko London. Kurudi, Copenhagen, awe uwanjani 11:30, saa tano na nusu. Uwanja ule uko ndani ya kisiwa cha Amager, na metro M2 inaufikia kutoka katikati ya jiji kwa kiasi cha robo saa, hakuna tabu ya kufika. Ila kutoka Denmark kwenda Uingereza ni kutoka nje ya Schengen, kwa hiyo kuna dirisha la pasipoti baada ya ukaguzi wa usalama, na ndiko watu wanakochelewa wakiwa wameshakaa madukani. Apite kwanza, akae upande wa pili.

Kuingia Copenhagen tarehe 17 nako kuna foleni. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kusajili wageni kwa picha na alama za vidole badala ya muhuri peke yake, na mara ya kwanza ndiyo inayochukua muda. Mjukuu na wazee wake wasije mapema wakaingiwa na wasiwasi: ndege ikitua 13:00, mama kutoka nje 14:00 au baada ya hapo ni kawaida.

Kama mama ana umri mkubwa au miguu inamsumbua, ombeni huduma ya kusaidiwa uwanjani. Haina malipo, kwa sheria. Iombwe kwa shirika la ndege si chini ya saa 48 kabla ya safari. Atapokewa na mtu, atapelekwa mpaka getini, na huko atapokewa tena. Kwa asiyejua lugha ni msaada mkubwa mno.

Mkaanga_Achari:
Naongeza la mizigo. Asali, achari na samli huhesabiwa majimaji. Zikizidi mililita 100 zinaweza kuchukuliwa kwenye ukaguzi wa begi la mkononi, kwa hiyo ziwekwe kwenye begi kubwa. Na samli wala nyama kavu zisitoke Pemba kabisa: Uingereza hairuhusu msafiri kuingiza nyama wala vitu vya maziwa kutoka nchi zetu.

Msafiri_Mkoani:
Kwani hakuna treni? Mtu mzima asiyependa ndege si bora akae chini.

Tiketi_Darajani:
Ipo kaka, lakini si moja. Eurostar kutoka London hadi Brussels ni saa mbili, ikipita chini ya bahari katika njia ya kilomita 50 iliyofunguliwa 1994. Kisha Brussels hadi Cologne, Cologne hadi Hamburg, Hamburg hadi Copenhagen, na hii ya mwisho peke yake ni karibu saa tano. Ni kubadilisha treni mara tatu, na siku nzima imekwisha, mara nyingi kwa kulala njiani. Moja ikichelewa zinazofuata zinaanguka. Kwa kijana anayetaka kuona nchi ni safari nzuri mno, khasa pale treni inapovuka mlango wa bahari wa Storebælt, kilomita 18 za daraja na njia ya chini. Kwa mama peke yake bila lugha, hapana. Na viza ni ile ile ya Schengen, treni haimsamehe.

Sufuri_Nane:
Je, ndege ikichelewa sana? Nimesikia Ulaya wanalipa.

Mnara_Kisauni:
Wanalipa, na hapa umbali wa Mwalimu unaingia kazini. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 hupanga malipo kwa umbali, na imeandikwa wazi kwamba umbali upimwe kwa duara kuu, si kwa njia ambayo ndege imepita. Mpaka kilomita 1,500 ni yuro 250. Kutoka hapo hadi 3,500 ni 400, na zaidi ya hapo 600. Uingereza ilipojitoa iliibakisha sheria hiyo kwa pesa yake, na kwa masafa ya mama ni pauni 220. Kwa hiyo kwenda, anaondoka Uingereza, ni pauni 220. Kurudi, anaondoka Denmark, ni yuro 250.

Sharti ni afike akiwa amechelewa saa tatu au zaidi, na sababu iwe ya shirika. Dhoruba, ukungu wa kufunga uwanja au amri ya waongoza ndege havilipwi. Muda wa kufika huhesabiwa pale mlango wa ndege unapofunguliwa. Mahakama ya Ulaya iliamua hivyo 2014, kwa hiyo kutua ukiwa umechelewa saa mbili na dakika 55 bado hakujakunusuru shirika ikiwa mlango umefunguliwa dakika 10 baadaye. Aweke pasi ya kupandia ndege na aandike saa ya mlango kufunguliwa. Na kwa masafa haya, ikishachelewa saa mbili kuondoka, ana haki ya chakula na kinywaji bila kujali sababu.

Tahadhari moja. Msijaribu kuiunganisha tiketi hii na ile ya kutoka Zanzibar kwa siku moja zikiwa zimenunuliwa mbali mbali. Ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina habari naye, tiketi inakufa. Kwa sababu mama anakaa kwanza kwa dada, hapo mko salama.

BintiWete:
Mungu awalipe kheri. Tumeamua Heathrow, na tutangoja viza zote mbili kwanza. Nimemwandikia mama hivi, na sisi wa Pemba tujue saa ya kumwombea dua. Naomba mnikagulie:

"Jumamosi tarehe 17. Uwe uwanjani saa moja na robo asubuhi ya London. Ndege inaondoka saa nne na dakika tano asubuhi ya London, Pemba itakuwa saa sita na dakika tano mchana. Unafika Copenhagen saa saba mchana ya huko, Pemba saa nane. Ukishuka, sogeza saa yako mbele saa moja.

Jumamosi tarehe 31. Uwe uwanjani saa tano na nusu asubuhi. Ndege inaondoka saa nane na dakika ishirini mchana ya Copenhagen, Pemba saa tisa na dakika ishirini. Unafika London saa tisa na dakika ishirini na tano, Pemba saa kumi na moja na dakika ishirini na tano. Ukishuka, rudisha saa nyuma saa moja."

Mwalimu_Chake:
Tarehe 17 iko sawa kabisa. Tarehe 31 saa za Pemba umekosea, na makosa yenyewe ni ya kalenda. Ulaya husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Uingereza na Denmark kwa dakika moja, na sisi hatusogezi. Mwaka huu wa 2026 Jumapili hiyo ni tarehe 25 Oktoba, katikati ya wiki mbili za mama. Kwetu itakuwa saa kumi alfajiri. Kabla ya hapo tuko mbele ya Copenhagen kwa saa moja na mbele ya London kwa saa mbili. Baada ya hapo ni mbili na tatu. Baina ya London na Copenhagen wenyewe hapabadiliki kitu, kwa kuwa wanasogeza pamoja, ndiyo maana zile saa za huko ulizoandika zimebaki sahihi.

Andika: anaondoka Copenhagen Pemba ikiwa saa kumi na dakika ishirini, anafika London Pemba ikiwa saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano.

Na ongeza mstari mmoja: usiku wa kuamkia tarehe 25 arudishe saa yake nyuma saa moja, ikiwa ni ya mkono. Simu itajirudisha yenyewe. Na siku ya kurudi jua la London linazama kiasi cha saa kumi na nusu za kule, kwa hiyo atakapomaliza pasipoti na begi magharibi itakuwa imeshaingia au inaingia. Kama anasali kwa kukusanya na kupunguza, masafa yake yamepita mbali zile kilomita 81 zinazokadiriwa kwa marhala mbili, kipimo cha safari inayoruhusu kufanya hivyo.

BintiWete:
Nimesahihisha, Mwalimu. Saa kumi na dakika ishirini, na saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Na ule mstari wa tarehe 25 nimeuweka juu kabisa, kwa herufi kubwa.